Jibu: Kifua cha mwanangu kimebonyea upande wa kulia

Pole dada. Umeuliza kama ni kwa sababu ulimbeba vibaya mgongoni. Hapana, usijilaumu hata kidogo. Unavyoeleza inafanana na sindromu ya Poland, yaani mtu kuzaliwa akikosa msuli wa kifua upande mmoja, na hiyo huanza tumboni, mimba ikiwa na wiki chache tu. Alfred Poland aliieleza mwaka 1841, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London.

Kinachokosekana mara nyingi ni ile sehemu ya msuli mkubwa wa kifua inayoshika kwenye mfupa wa kidari. Mwambie aweke viganja kiunoni abane kwa nguvu. Upande usio na tatizo, ukingo wa mbele wa kwapa utakaza kama kamba. Upande uliobonyea utabaki laini.

Halafu angalia vidole vya mkono wa upande huo uliobonyea. Vikiwa vifupi au vimeungana kwa ngozi, mpeleke hospitali mapema, maana hutenganishwa utotoni. Mbavu nazo zikaguliwe.

Na kila akipigwa eksrei ya kifua, waambie madaktari kuhusu msuli huo unaokosekana. Upande usio na msuli hutoka mweusi zaidi kwenye picha, na asiyejua anaweza kudhani pafu ndilo lina ugonjwa.