Fleti ya Ghorofa ya Juu: Niliyoyajua Siku ya Kuuza

Niliishi ghorofa ya 14 miaka saba, kisha nikauza. Kuinunua fleti ile kulinichukua wiki tatu. Kuiuza kulinichukua mwaka na miezi miwili, na karibu kila kilichowakimbiza wanunuzi kilikuwapo tangu siku ile niliyoingia na dalali. Sikukiona kwa sababu nilikwenda moja kwa moja dirishani.

Kilikuwa kioo toka sakafuni hadi darini, kinatazama magharibi. Dalali alinipeleka saa nne asubuhi. Nilipohamia ndipo nikakutana na jua la saa tisa alasiri: sakafu inaunguza nyayo, tunavaa ndala sebuleni, pazia limefungwa mpaka magharibi. Fleti ya juu nenda uione angalau mara mbili, na mara moja iwe alasiri.

Halafu lifti. Jengo letu lilikuwa na lifti mbili kwa fleti 96, na kwenye karatasi hilo halikunishtua. Nenda saa moja asubuhi watu wakielekea kazini, au saa kumi na mbili jioni wakirudi, usimame pale chini na saa mkononi. Wanunuzi wangu wa kwanza walikuwa mume na mke, wana mtoto mdogo na mama mzee wa mkongojo. Siku hiyo lifti moja ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Tulingoja. Ikafunguka imejaa, ikaondoka; ikarudi, imejaa tena. Yule mama akazitazama ngazi, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, na hii moja ikiharibika?” Walipanda, wakaona vyumba, wakashukuru. Hawakupiga simu tena, na siwalaumu.

Maji nayo yana hesabu yake. Kila mita 10 za kwenda juu zinahitaji karibu bar 1 ya shinikizo, kwa hiyo maji hayafiki ghorofa ya 14 bila pampu, na pampu haiendi bila umeme. Uliza jenereta inawasha nini hasa: pampu na lifti, au taa za korido tu? Ni maswali mawili tofauti, na wauzaji wengi hujibu la pili kana kwamba ni la kwanza. Kama tangi liko juu ya paa, fleti za ghorofa ya juu kabisa, zilizo karibu nalo, ndizo zenye maji dhaifu zaidi, isipokuwa kuwe na pampu ya kuongeza nguvu. Fungua bafu, vuta choo wakati huohuo, uone.

Ngazi za dharura zipande kwa miguu. Ngazi za magari mengi ya zimamoto hufika kama mita 30, kwa hiyo juu ya hapo tegemeo lako ni ngazi za ndani. Milango yake ijifunge yenyewe, na pasiwe na makochi ya watu yamehifadhiwa humo.

Lakini kilichonipunguzia bei kuliko vyote ni kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: mfuko wa jengo, yaani akiba ya pamoja ya wamiliki. Nilipokuwa nanunua nilifurahi kwamba ada ya huduma ni ndogo. Leo nikiona ada ndogo kwenye jengo refu naingiwa na wasiwasi. Lifti huchoka, mara nyingi katika miaka 20 hadi 25. Paa huanza kuvuja, pampu hufa. Kama wamiliki hawaweki akiba, siku hiyo mtachangishwa kwa mkupuo, na atakayenunua kwako anajua hivyo. Mnunuzi wangu wa pili alileta wakili, naye hakuomba kuona vyumba. Aliomba hesabu za chama cha wamiliki, kumbukumbu za vikao vya miaka mitatu, na orodha ya wadaiwa. Wamiliki 31 walikuwa hawajalipa. Akiba haikutosha hata kukarabati lifti moja. Mteja wake akajitoa wiki hiyohiyo.

Huko Surfside, Florida, mhandisi aliripoti mwaka 2018 uharibifu mkubwa wa zege katika jengo la ghorofa 12 la Champlain Towers South. Wamiliki walibishana juu ya gharama, na kazi kubwa ilikuwa haijafanyika sehemu ya jengo ilipoporomoka tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ya ukaguzi na akiba ya lazima. Na Uingereza, baada ya moto wa jengo refu la Grenfell Tower wa 2017 uliochukua roho 72, watu wengi walishindwa kuuza fleti zao kwa sababu benki hazikutaka kukopesha kwenye majengo yenye vifuniko vya ukuta wa nje vinavyoshika moto. Vyumba vyao ndani vilikuwa safi kabisa.

Jambo jingine la bei: kwenye jengo refu unashindana na fleti pacha za yako. Nilipotangaza, nyingine sita zenye ramani ileile zilikuwa sokoni, na mjenzi bado alikuwa na za kwake, anauza kwa awamu. Mimi sikuweza kumpa mtu awamu. Kilichonitofautisha ni nafasi ya gari iliyoandikwa ndani ya hati yangu. Majirani wengi walikuwa nayo kwa maneno tu.

Aliyenunua mwishowe alikuja mara tatu. Mara ya kwanza hakupanda hata juu, alisimama chini jioni akihesabu lifti. Ya pili alisoma kumbukumbu za vikao, akakata bei kwa sehemu moja ya kumi, nikakubali. Ya tatu ndipo alipofungua pazia.