Mchoro wa kuunganisha mashine ya kupukuchua mahindi

Ndugu, unasema mafundi wa Kibuye wamekupigia simu mara tatu ilhali mchoro una vipimo vyote. Shida ni hivyo "vyote". Vipimo vya kila kipande vina michoro yake. Kwenye mchoro huu wa kuunganisha bakisha ukubwa wa jumla, matundu ya kufungia na mahali vipande vinapoingiana.

Chora mashine kana kwamba imekatwa katikati ya shafti, beringi zionekane kwa ndani. Shafti, bolti, nati na kabari ya puli zikikatwa kwa urefu hazichorwi mistari ya mshazari, ile inayoonyesha sehemu iliyokatwa; wewe umeichora, ndiyo maana shafti inafanana na bomba. Vipande viwili vinavyogusana, mistari yao ielekee pande tofauti.

Ukitumia UCP205, yaani beringi yenye kikalio chake cha kufungwa kwa bolti, shafti ni milimita 25, kitovu kiko 36.5 juu ya fremu, na matundu yameachana 105. Andika 25 h7, yaani isizidi 25 na isipungue chini ya 24.979. Ikizidi, beringi itapigwa nyundo hadi iingie, na hapo imeshaharibika.

Kila kipande kipe namba ndani ya duara, mara moja tu, na orodha ya vipande ianzie juu ya kisanduku cha jina la mchoro, ikipanda kutoka chini. "Bolti" pekee haitoshi: andika M10 x 40 (unene milimita 10, urefu 40), vipande 4, washa 8, nati 4. Halafu hakikisha spana inafika kwenye bolti ya upande wa puli. Kwa mchoro uliotuma, haifiki.