Kuchanganya programu, siasa na familia katika maandishi: jibu langu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, salaam. Nimesoma swali lako pamoja na majibu yaliyotangulia. Unasema kwamba unaandika mtandaoni kuhusu kazi yako ya programu, lakini siasa za nchi na mambo ya nyumbani kwako huingia humo humo, na sasa wasomaji wanalalamika: wa programu wanataka msimbo tu, yaani maandishi ya programu yenyewe, wa siasa hawaoni majedwali yako yanawahusu nini, na ndugu zako wanaona unaianika familia. Unauliza kama ufungue kurasa tatu, kila mada na mlango wake. Wengi hapa wamekushauri utenganishe. Mimi ninaishi Mwanza, ninawaandikia programu wafanyabiashara wadogo wa huku ziwani, na mchanganyiko unaoulalamikia ndio ninaouandika kwa miaka mingi sasa. Ushauri wangu ni kwamba usizitenganishe mada. Tenganisha lililo lako kulisema na lililo la mtu mwingine, na utaona kwamba mpaka huo haufuati mada hata kidogo.

Nianze na tozo, kwa kuwa wengi mnaikumbuka. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilianzisha tozo ya miamala ya simu, ikaanza kukatwa tarehe 15 Julai, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Malalamiko yalikuwa makubwa, na hata miezi miwili haijatimia viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha vikaendelea kubadilishwa baadaye. Kwa watu wengi hiyo ilikuwa habari ya siasa. Kwangu ilikuwa pia kazi ya kukesha, kwa sababu nilikuwa na programu ndogo ya hesabu inayotumiwa na wauza dagaa wa soko la Mwaloni pale Kirumba, ambako mzigo kutoka visiwani hushushwa na kupakiwa tena kwenda mikoani, na mwingine huvuka hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Mfanyabiashara anapomtumia pesa mvuvi aliyeko kisiwani, gharama ya kutuma inaingia katika bei ya gunia. Kwa hiyo programu ni lazima ijue ni kiasi gani kilikatwa, na ijue kwa tarehe: muamala wa Julai usije ukahesabiwa kwa kiwango cha Septemba. Suluhisho lake ni la kawaida kabisa. Viwango haviandikwi ndani ya msimbo. Vinakaa katika jedwali lao, na kila kiwango kinapewa safu mbili, ya tarehe kilipoanza kutumika na ya tarehe kilipokoma.

Nilipoliandikia jedwali hilo maelezo nilijaribu kubaki kwenye ufundi, ikashindikana. Msomaji mwenye akili atauliza mara moja kwa nini kiwango cha serikali kina tarehe ya kukoma iliyo karibu hivyo, na jibu la swali hilo liko bungeni na mitaani, haliko kwenye hifadhidata. Vilevile sikuweza kueleza ni nani hasa aliyeumizwa na makato hayo bila kumtaja mama yangu mzazi, ambaye ameuza dagaa tangu kabla simu za mkononi hazijafika kwetu. Mwandishi programu mwenzangu akaniandikia kwa upole kwamba niiache siasa, nioneshe jinsi ya kuuliza jedwali. Nikamjibu kwamba ile safu ya tarehe ya kukoma imewekwa pale na siasa yenyewe, na kwamba mtu asiyelijua hilo ataiondoa siku moja akidhani inajaza nafasi bure.

Jibu lililonifaa zaidi, hata hivyo, halikutoka kwake. Lilitoka kwa wakala wa pesa wa upande wa Sengerema aliyekuja kusoma habari za tozo tu. Alieleza kwamba wateja wake walikuwa wameacha kutuma kidogo kidogo. Wanatoa fedha zote kwa mara moja, wanampa mtu wa kuaminika azivushe mkononi. Akauliza: programu yako inamwandika wapi huyo mvushaji? Haikuwa inamwandika popote. Kwa hesabu za programu fedha zilikuwa zinatoweka Mwanza na kuibuka kisiwani bila maelezo. Tukaongeza nafasi ya malipo ya mkononi pamoja na jina la aliyebeba. Wakala yule hakujua Python, lugha ninayoandikia programu, wala hakuhitaji kuijua. Ningekuwa na ukurasa wa programu peke yake asingeufungua, na ningekuwa na ukurasa wa siasa peke yake angeishia kuilaani tozo pamoja na wenzake, kisha aende zake.

Mwanajukwaa mmoja hapo juu amesema kwamba programu haina chama. Sawa, haina. Lakini inaelekea hajawahi kupewa kazi ya kulinganisha majina ya wateja na majina ya kwenye kitambulisho cha taifa, hasa baada ya usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, uliofungwa tarehe 20 Januari 2020. Fomu ina nafasi tatu za majina, na huku kwetu mtu mzima anaweza kuwa na jina la ubatizo, jina la Kisukuma alilopewa nyumbani, na jina la baba linaloandikwa kwa tahajia tofauti katika kila cheti alichonacho. Anayeamua ni lipi lijaze nafasi ya kwanza anaamua pia ni nani atakayeambiwa hatambuliki. Nisiendelee, maana hilo peke yake linatosha uzi mzima.

Sasa familia, ambako naona ndiko hasa kunakokuuma. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kuja hapa, ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800, na wengi wamezikwa pale Igoma. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa kwenye orodha. Wa daraja la tatu hawakuorodheshwa. Baba yangu mdogo alikuwa wa daraja la tatu. Kwa jamaa zake hilo lilikuwa na maana moja: hapakuwa na karatasi yoyote iliyosema kwamba alipanda. Babu alikaa siku kadhaa akiamini kwamba huenda kijana alichelewa, akabaki Bukoba, na hapakuwa na mtu aliyeweza kumwambia vinginevyo kwa uhakika. Miaka ishirini na miwili baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria mia moja hivi, na waliokufa walizidi 200. Wakati huu tiketi zilikuwa zinakatwa kwa mashine, lakini taarifa za siku zile zilisema kwamba mkatisha tiketi naye alikufa maji na mashine yake ikapotea, ndiyo maana idadi ya waliokuwamo haikujulikana mapema.

Niliandika kuhusu hayo mawili pamoja. Kwa mwandishi programu, mashine iliyozama na kumbukumbu zake ni somo la wazi: rekodi inayokaa mahali pamoja tu, tena pale pale penye hatari, ni sawa na kutokuwapo. Orodha inapaswa kufika nchi kavu kabla kamba ya chombo haijafunguliwa, na kama intaneti ni ya kubahatisha, ujumbe mfupi wa simu wenye namba ya safari na idadi ya watu unatosha kwa kuanzia. Hiyo ni programu. Kuruhusu chombo kiondoke idadi ikiwa imezidi ni uamuzi wa watu wenye vyeo na wajibu, na hiyo ni siasa. Kilichonifanya niyaandike ni babu aliyekaa akisubiri. Niambie, ndugu yangu, ningeikata wapi habari hiyo ili iingie katika milango mitatu?

Waliojibu walikuwa wengi, na mazungumzo yalikuwa mazito. Mama mmoja wa Ukerewe alinisahihisha kwa jambo ambalo tangu hapo limo katika kila kitu ninachokiandika kuhusu usafiri. Alisema kwamba mtoto anayebebwa mgongoni hakatiwi tiketi, na siku ya gulio akina mama wenye watoto mgongoni ndio wanaojaza kivuko. Kwa hiyo hata mashine ikiokoka, ikasomwa yote, itatoa idadi ya tiketi na si idadi ya watu. Aliyezoea majedwali hulisahau jambo hilo kwa urahisi, kwa sababu tiketi ni safu inayojitokeza yenyewe, ilhali mtoto mgongoni anahitaji mtu asimame langoni na kuhesabu vichwa. Mjadala uliofuata, juu ya nani asimame langoni na alipwe na nani, ulikuwa wa kisiasa kabisa, na waandishi programu waliukuta umekwisha kuwapa mahitaji yote ya mfumo.

Kabla ya kuichapisha habari ya baba mdogo niliwapelekea watoto wake waisome. Mmoja aliridhia yote. Mwingine alisema nisiweke jina wala picha ya baba yake, na sikuweka. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia. Kusubiri kwa babu ni jambo la ukoo wetu sote, nami nilikuwapo. Jina na sura ya marehemu ni vya watoto wake kwanza. Mke wangu husoma lolote linalomtaja, na akikataa sentensi inaondoka bila mabishano, hata kama ilikuwa ndiyo sentensi nzuri kuliko zote. Matokeo ya mitihani ya watoto, maradhi ya mtu yeyote nyumbani, ugomvi wa mirathi: hayo siyagusi hata nikiwa na hamu kubwa ya kuyatolea mfano.

Mpaka huu, kama nilivyosema, hukata hata ndani ya programu yenyewe. Mama ana daftari la wadaiwa, lenye jalada lililolowa harufu ya dagaa, na ndani yake hamna namba ya kitambulisho hata moja. Mtu ameandikwa kwa kijiji chake na alama yake: mwenye mapacha wa Igombe, yule wa baiskeli nyekundu, shemeji wa fundi mashua. Ukilitazama kwa jicho la fundi, daftari hilo ni somo zuri mno la namna watu wanavyotambuana, na nimelieleza kwa jumla mara kadhaa. Kurasa zake sijawahi kuzipiga picha. Madeni yale ni ya watu waliomwamini mama, hawakuniamini mimi. Sheria nayo imekuja kusema jambo la karibu na hilo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto na za miamala ya fedha ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Ukiandika kuhusu wateja wako au wanao, isome hiyo kabla ya kusoma ushauri wa jukwaani, huu wangu ukiwamo.

Kuhusu wasomaji wanaogombana, mimi nina ukali wa upande mmoja tu. Tusi la kabila, la dini au la kumtaja mzazi wa mtu ninalifuta bila maelezo. Hoja ya chama nisichokipenda ninaiacha ikae, na nikiwa na la kujibu ninalijibu mara moja, kisha ninanyamaza. Anayetaka kuendelea aendelee na wengine. Msimu wa uchaguzi huwa mgumu, na miezi hiyo hujikuta nikiandika zaidi kuhusu programu, si kwa woga bali kwa sababu mazungumzo ya siasa wakati huo hayamfundishi mtu kitu. Anayelalamika kwamba amekuja kutafuta msimbo akakuta habari za mama yako, mwekee kichwa cha habari kinachosema wazi mna nini ndani, aruke asichokitaka. Hudaiwi kumfungulia ukurasa mpya.

Mwajiri na leseni hujaviuliza, lakini vitakufikia. Mfumo wa mteja au wa ofisi yako usiuandike kabisa, hata kwa mafumbo, maana Mwanza ni mji ambao watu hufumbua haraka. Kuhusu leseni ya kuchapisha mtandaoni, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilianza mwaka 2018, wakati ambapo gharama zake zilipita shilingi milioni mbili na waandishi wengi wa kurasa binafsi wakafunga. Zikaandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022. Wanaokutisha kwa gharama za 2018 na wanaokwambia huhitaji chochote, wote wawili wamekujibu kwa mazoea. Siasa ndiyo sehemu ya maandishi yako inayoweza kukuingiza katika masharti hayo, kwa hiyo chukua kanuni kama zilivyo sasa, chapisha sampuli ya makala zako mbili tatu, nenda nazo Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) Kanda ya Ziwa hapa mjini, uwaombe wakujibu kwa maandishi.