Mungu kama kuku, msicheke kwanza

Mi nimekulia kwenye maombi ya kutetemeka. Mungu niliyefundishwa utotoni alikuwa na daftari na fimbo, ukikosa Jumapili anaandika, ukidanganya anaandika, kwa hiyo hata ukubwani nikipiga magoti najieleza tu kama mtu aliyeitwa ofisini kwa bosi. Nilipoachishwa kazi na kodi ikanishinda nikarudi kwa mama mdogo Mbagala, na kuomba nikaacha kabisa, ya nini nikajieleze tena.

Mama mdogo anafuga kienyeji. Usiku mmoja wa masika mvua ikapiga mpaka uani pakawa bwawa, alfajiri nikatumwa kumwangalia kuku aliyetotoa. Banda limevuja, namkuta amejikunyata juu ya tofali, mgongo umelowa chapachapa, anatetemeka, nikajua vifaranga wameshakwenda na maji. Nikamnyanyua bawa (akanidonoa haswa, kovu ninalo). Chini yake vifaranga tisa, wakavu, wa moto, kimoja kinasinzia kabisa yaani hakina habari.

Nikaingia ndani nikafungua Luka 13. Pale Mafarisayo wanamwambia Yesu aondoke, Herode anataka kumuua, naye anamwita Herode mbweha, halafu mistari miwili mbele anaililia Yerusalemu, mara ngapi alitaka kuwakusanya watoto wake kama kuku na vifaranga, wao hawakutaka. Sasa ona, mbweha keshatajwa, angeweza kujiita simba, akachagua kuku! Kuku hana meno bhana, cha kuweka katikati ni mwili wake.

So kama na wewe unaomba kwa hofu, na baba yako alikuwa mtu wa mkanda, usijilazimishe kuanzia kwenye neno Baba, litakukwama tu kooni na si dhambi. Isaya 66:13 Mungu anafariji kama mama, Isaya 40:11 anabeba wanakondoo kifuani, Zaburi 91 ina mabawa. Chukua moja ambayo umeshaiona kwa macho yako ukae nayo hata wiki, usirukeruke. Ya tai kwenye Kumbukumbu la Torati mi haijanishika, tai namwona kwenye TV, Dar tuna kunguru.

Wapo watakaosema namfanya Mungu mwanamke. Aliyetoa mfano ni Yesu, mkamuulize yeye.

Ila usijidanganye kwamba hutanyeshewa, mvua si ilinyesha? Kazi nilisota miezi saba ndo nikapata. Kuomba nilianza tena kabla ya hapo, kwenye daladala ya Kariakoo, nimesimama nimebanwa kwapani kwa mtu, nikasema tu kimoyomoyo "nipo huku chini" basi, hata amina sikuweka.

Siku nilipomsimulia mama mdogo habari ya kuku na Luka alinisikiliza mpaka mwisho, akatingisha kichwa, akasema sawa mchungaji, sasa panda ukazibe lile bati.