Jibu: Baba anatetemeka mkono, ni uzee tu?
Pole sana, dada. Usikimbilie kusema ni uzee. Mwangalie amekaa, mikono mapajani, anasikiliza redio. Mkono ukitetemeka hapo kisha ukatulia anaposhika kikombe, hiyo inaelekea kwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili. Ukizidi anapoinua chai, mara nyingi ni tatizo jingine.

Baba yangu, mvuvi wa Igombe, Parkinson yake haikuanza kwa kutetemeka kabisa. Alianza kuwa mzito: fundo la wavu likamchukua dakika nzima, na akitembea mkono wa kulia umeganda ubavuni.

Dawa fulani nazo huleta hali hii, mfano haloperidoli (ya magonjwa ya akili) na metoklopramidi (ya kuzuia kutapika), kwa hiyo beba paketi zake zote. Hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachothibitisha Parkinson. Daktari humchunguza mwili. Mpelekeni hospitali ya Bugando, Mwanza, mapema, msisubiri aanguke.