Kujifunza Kijerumani kwa kuongea na wazee

Dada, umeuliza kama inafaa kuwatembelea wakazi wa nyumba ya wazee hapo Leipzig, Ujerumani, ili Kijerumani chako kifunguke. Inafaa sana, ila kwanza zungumza na msimamizi. Omba saa tisa alasiri, wakati wa kahawa na keki. Hapo wengi hupenda maongezi. Waite Herr (Bwana) au Frau (Bibi) na jina la ukoo, hadi mwenyewe akuruhusu vingine. Waulize utoto, kazi, mapishi. Vita vya Pili vya Dunia usianze navyo: mwenye miaka 90 leo alikuwa mtoto mwaka 1945, na wapo waliopoteza wazazi. Lafudhi ya Kisaksoni, yaani ya watu wa eneo hilo, itakusumbua. Waombe warudie taratibu. Ukiahidi Jumatano, nenda, au piga simu mapema. Kuwasubirisha bure wazee hao kunaniuma sana.