Maswali na Majibu: Flopi za Zamani

Nina flopi (diski laini za kuhifadhia data) za kompyuta ya Macintosh za miaka ya 1980. Nikizitia kwenye draivu ya USB, kompyuta inasema hazijafomatiwa. Zimekufa?

Huenda ni nzima kabisa. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kuzifomati, kataa! Flopi za Macintosh za KB 400 na 800 ziliandikwa kwa mwendo unaobadilika: mota ilizunguka polepole kichwa cha kusomea na kuandikia kikiwa karibu na ukingo, ikaongeza kasi kila kiliposogea ndani. Draivu ya USB ina mwendo mmoja na inajua mpangilio wa PC tu. Tafuta Macintosh ya enzi hizo, au kifaa kama Greaseweazle, ambacho huunganishwa na draivu ya kawaida ya PC na kunasa mabadiliko ya sumaku jinsi yalivyo, kisha programu ikayafasiri. Flopi za KB 880 za Amiga, kompyuta nyingine ya enzi hizo, nazo husomwa kwa njia hiyo. Kabla ya yote, fungua kitundu cha kuzuia kuandika.

Nikiziba kwa gundi ya karatasi kile kitundu cha pili, kinachoitambulisha flopi ya MB 1.44, nitaipata ya KB 720?

Draivu itakubali, ila utando wa flopi hiyo unahitaji nguvu kubwa zaidi ya sumaku, hivyo maandishi hayashiki vizuri. Kwa mchezo wa kujaribu, sawa. Kwa picha za familia, hapana.

Flopi ya inchi 5.25 niliyoiandika kwenye draivu ya MB 1.2 inagoma kwenye PC yangu ya zamani ya KB 360. Kwa nini?

Draivu ya MB 1.2 ina njia (miduara inayoandikwa data) 80, ya KB 360 ina 40, kwa hiyo kichwa cha ile ya kwanza ni chembamba. Ukiandika juu ya data ya zamani, mabaki hubaki pembeni, na kichwa kipana cha PC yako kinasoma vyote viwili kwa pamoja. Andikia kwenye draivu ya KB 360 yenyewe.

Flopi yangu ina madoa meupe. Niitie tu kwenye draivu?

Usithubutu. Huo ni ukungu: utaganda kwenye kichwa, na kichwa kichafu kitakwangua kila flopi inayofuata. Sogeza kifuniko cha chuma, zungusha kitovu kwa kidole, ufute utando taratibu kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili, pande zote mbili. Iache ikauke kabisa, isome mara moja na kutoa nakala ya diski nzima, kisha safisha kichwa kabla ya kutia nyingine.